Watu wa Kubandikwa

Ilikuwa Jumanne ya Novemba, mvua ni ile nyembamba isiyonyesha vizuri wala kukatika, na Sidsel Thorup alikuwa amesimama chini ya kibanda cha baiskeli kwenye uwanja wa Askelunden, kihesabio mkononi, chupa ya kahawa miguuni. Kazi yake ilikuwa kubonyeza. Mtu akipita tu, anabonyeza kitufe cha kushoto. Mtu akikaa, au akisimama kidogo kwa raha zake, anabonyeza cha kulia. Hivyo ndivyo viwanja vinavyopimwa Denmark, na hivyo ndivyo alivyofundishwa tangu mwaka wa kwanza wa usanifu wa mandhari: usiwaulize watu wanapenda nini, watakudanganya, wewe hesabu wako wapi.

Akapita mama mmoja na mwavuli, mbio mbio. Kushoto. Akapita bwana mmoja akimvuta mbwa ambaye hakutaka kabisa kutoka nyumbani siku ile. Kushoto. Halafu akaja yule bwana wa kikombe cha karatasi, kama ilivyo ada yake, amevaa fulana nyeupe ya mikono mifupi, jua la Julai likimwangaza shavu moja. Mvua haikumgusa. Akafika katikati ya uwanja, akainua kikombe mpaka karibu na mdomo, akabaki hivyo hivyo. Pembeni mwake kulikuwa na ule mstari mweupe unaobaki mtu akikatwa kwenye picha na mkataji mwenye haraka.

Sidsel akashusha pumzi, akabonyeza kulia.

Watu wale walikuja mara tu uwanja ulipofunguliwa, miaka sita nyuma. Kabla ya hapo walikuwa kwenye picha, ile picha kubwa ya rangi iliyoshinda shindano la kubuni uwanja na kutundikwa ukutani mwa duka wakati wa ujenzi. Hakuna ofisi ya usanifu isiyofanya hivyo: ukishachora uwanja unaubandika watu, maana uwanja mtupu haumshawishi mtu kutoa hela. Akabandikwa bwana wa kikombe, mtoto wa puto jekundu, msichana anayesimama kwa mikono, mwanamke anayekimbia, na nyuma kidogo mke na mume wa rangi hafifu, kwa sababu mchoraji alitaka mti uonekane nyuma yao. Siku wajenzi walipokusanya vifaa vyao na picha ikashushwa, wote wakaingia uwanjani wakaanza kazi. Mke na mume wale, hadi leo unaweza kusoma bei za duka kupitia vifuani mwao.

Wenyeji wa Askelunden si watu wa kushangaa ovyo. Lililetwa lalamiko moja tu halmashauri, kuhusu puto, na mlalamikaji akajibiwa kwa adabu kwamba puto haliko juu kuliko taa. Mengine watu waliyazoea. Walizoea kwamba vichwa vya watu wale viko usawa mmoja daima, mtu awe karibu au mbali, kama sheria ya uchoraji inavyotaka. Kwa hiyo wakishuka ngazi za kwenda chumba cha baiskeli, kichwa kinabaki juu pale pale na miguu ndiyo inayorefuka. Watoto wa shule hupita katikati ya miguu hiyo bila kuinua macho. Bwana wa kikombe alikuwa amebandikwa pia kwenye picha ya bandari ya mji mwingine, na ofisi ni ile ile, basi Jumatano haonekani. Anapanda treni. Kondakta alimdai tiketi siku ya kwanza, akaona hana mfuko wa kuitolea, siku hizi wanaitikiana kwa kichwa tu.

Kwa hiyo si watu hao waliomkera Sidsel. Kilichomkera ni benchi.

Zamani, katikati kabisa ya njia ya kutoka mlango wa jengo la B kwenda dukani, palikuwa na benchi la kijani, lile la mbao lenye egemeo na mikono ya chuma. Asubuhi walikaa hapo mabwana watatu na bia zao, mmoja wao akiitwa Flemming, na mwishoni mwa benchi hilo hilo alikaa Rigmor, bibi mzaa mama wa Sidsel, akipumzisha nyonga. Nyonga ya Rigmor ilimruhusu nusu ya njia. Anakwenda nusu, anakaa, anamsikiliza Flemming akimsema vibaya waziri fulani, anamalizia nusu. Kurudi hivyo hivyo. Halmashauri haikupenda bia. Badala ya kuwaambia mabwana wale waondoke, jambo ambalo lingekuwa ukosefu wa adabu, waliondoa benchi, na uwanja mpya ukawekewa mawimbi ya zege, marefu, yenye maumbo ya kupendeza, ya chini, bila egemeo wala pa kushika.

Rigmor aliyajaribu mara moja. Alikaa, akashindwa kuinuka. Alikaa pale na mfuko wake mtupu, msichana wa kusimama kwa mikono akimtazama kichwa chini miguu juu, huku akitabasamu, mpaka Flemming alipotokea nyuma ya mapipa ya kutupia chupa, ambako siku hizi anakunywa amesimama. Akamvuta mikono yote miwili kama gunia la viazi. Rigmor akamshukuru, akarudi ndani, na tangu siku hiyo hakushuka tena, isipokuwa kwa teksi ya kwenda kwa daktari.

Sidsel alichagua mada ya tasnifu yake ya uzamili kwa sababu hiyo na si nyingine. Alitaka kuthibitisha, kwa mbinu za shule yenyewe, kwamba uwanja ule umeshindwa, ili benchi lirudi. Hakumwambia mtu yeyote shuleni hilo la pili. Jina la tasnifu lilikuwa refu na la adabu.

Alipomaliza kubonyeza siku hiyo alipita dukani, kisha akapanda kwa bibi yake ghorofa ya pili. Rigmor alikuwa dirishani, ndipo alipo siku zote, kahawa imeshamiminwa vikombeni.

"Leo wamekuja wangapi?"

"Wengi tu, Bibi."

"Wa kweli?"

"Siruhusiwi kutenganisha. Bado tunabishana."

"Na mimi umenibonyeza?"

"Hukuwepo."

"Nilikuwepo. Nimekupungia mkono mpaka bega likauma."

"Dirishani si uwanjani."

"Haya. Basi andika bibi nusu." Rigmor akachungulia mfuko wa dukani aliouleta Sidsel, akatoa mkate mweusi, akauminya kwa vidole viwili. "Huu si wangu."

"Ni ule ule wa wiki iliyopita."

"Na wa wiki iliyopita haukuwa wangu. Wangu ukiuminya unarudi. Huu ukiuminya unakubali tu. Kwani wewe hukuuminya?"

"Siwezi kusimama dukani nafinya mikate ya watu, Bibi."

"Ndiyo maana nataka kwenda mwenyewe," alisema Rigmor, akachukua kisu. "Sitaki makubwa. Sitaki uwanja. Wakae na uwanja wao. Nataka nikauminye mkate wangu."

Sidsel akasema anajua. Alijua, na kujua huko kulimkaa rohoni kama kokoto ndani ya kiatu.

Alhamisi ni siku ya keki kwenye idara. Msimamizi wake, Vibeke, alikuja na vipande viwili kwenye kisahani na kahawa aliyoitengeneza kwa mkono wake, akamkaribisha Sidsel kiti, akamuuliza habari za baiskeli yake iliyoibwa. Huo ndio ulikuwa ugumu wa Vibeke. Angekuwa na roho mbaya, mtu ungejua pa kuanzia. Lakini huwezi kugombana na mtu aliyekuletea keki.

"Nataka kuwaondoa wale waliobandikwa kwenye hesabu," alisema Sidsel.

"Kwa msingi upi?"

"Kwa msingi kwamba si watu, Vibeke."

"Umewaona?"

"Nawaona kila siku."

"Wanasimama? Wanakaa?"

"Wanasimama, ndiyo, lakini..."

"Basi wapo. Mbinu yetu haimuulizi mtu ametoka wapi wala amefikaje. Ndiyo uzuri wake. Siku tukianza kuulizana hivyo, wewe mwenyewe unajua tutakapoishia."

"Mvua haiwagusi."

"Kuna watu wana makoti mazuri sana siku hizi."

Sidsel akatazama keki. Ilikuwa ya tufaha. Akajaribu mlango mwingine.

"Na wale ambao hawaji? Kuna bibi mmoja hapo jengo la B..."

"Bibi yako," alisema Vibeke kwa upole.

"Nani kakwambia?"

"Sidsel bwana, umemtaja mara kumi na mbili kwenye rasimu. Mara tatu umeandika 'Bibi' peke yake. Siyo kwamba simjali. Lakini hayupo uwanjani. Hatuwezi kumpima mtu ambaye hayupo."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo."

"Na ni shida nzuri," alisema Vibeke, akiandika kitu. "Ya tasnifu nyingine."

Sidsel alirudi nyumbani kwa baiskeli ya kuazima, upepo wa mbele njia nzima, akitukana kimoyomoyo, na mara moja moja kwa sauti. Hasira ilikuwa haina pa kwenda. Hakuna aliyemkatalia lolote. Kila mlango aliogonga ulifunguliwa na mtu mwenye tabasamu aliyemwonyesha mlango unaofuata.

Mlango uliofuata ulikuwa wa halmashauri. Huko alikuwepo Torkild, mhusika wa bustani na viwanja, mtu mrefu wa sweta nyeupe ambaye alikuwa amepewa takwimu za Sidsel kwa makubaliano na chuo, na alikuwa amezichapa kwa rangi na kuzibandika nyuma ya kiti chake.

"Hebu ona," alisema Torkild, akizungusha kiti. "Januari. Theluji mpaka magotini. Mji mwingine hapo ungekuta paka mmoja. Kwetu kuna msichana anasimama kwa mikono. Wamekuja wageni kutoka Norway kuutazama uwanja huu."

"Wale mmewachora nyinyi."

"Na wamekuja. Unajua ni viwanja vingapi vinachorwa na hakuna anayekuja?"

Sidsel alieleza habari za benchi. Alieleza polepole, kama mtu anayebeba sahani nyingi, habari za nyonga, habari za nusu ya njia, na mawimbi ya zege ambayo mtu akikaa hainuki. Torkild alisikiliza, akiitikia kwa kichwa kila inapostahili.

"Nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini tazama takwimu. Wazee, sifuri. Wazee hawaji pale, Sidsel. Sasa nitaiambiaje kamati tuweke benchi la wazee mahali ambapo wazee hawaji?"

"Hawaji kwa sababu hakuna benchi."

"Hilo ni dai. Hizi ni takwimu."

"Ni takwimu zangu."

"Na ni safi sana. Nilikuwa nataka kukushukuru." Akamwona jinsi alivyokaa, akamwonea huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Sikiliza. Kamati haisomi. Kamati inatazama. Wewe si msanifu? Niletee picha. Benchi lako, mahali pake, na mtu amekaa. Usilete benchi tupu, watafikiri halitumiki."

Katika ukumbi wa wanafunzi kulikuwa na jalada kwenye kompyuta lililorithiwa mwaka hadi mwaka, lenye watu wa kubandika wa kila namna. Wapanda baiskeli walikuwa tele. Wanawake wajawazito waliovaa magauni ya kitani, tele. Kwa upande wa wazee kulikuwa na mke na mume wawili tu, nywele za fedha, viatu vya kuvalia mashuani, meno thelathini na mbili kila mmoja, wakikimbizana. Sidsel aliwatazama wale wawili kwa muda. Kisha akafungua picha zake mwenyewe, akaitoa ile ya siku Rigmor alipotimiza miaka themanini.

Kwenye picha hiyo Rigmor amevaa sweta ya buluu, uma wa keki mkononi, kibendera cha sikukuu ya kuzaliwa, kama desturi ya Denmark, mezani mbele yake, anacheka mpaka macho yamefumba. Sidsel alimkata kwa uangalifu ambao shindano zima la Askelunden halikuwahi kuuona. Alimaliza alasiri nzima kwenye nywele peke yake, unywele mmoja mmoja, asiachiwe mstari mweupe. Uma aliusahau mkononi. Akachora benchi la kijani, mbao moja moja, mikono ya chuma, akamkalisha bibi yake pale katikati ya njia, akamwekea kivuli chini ya miguu, akarudi nyuma kutazama. Alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu vuli lianze, alifurahi kweli.

Mtu mwingine yeyote wa Askelunden angejua kitakachofuata. Mwenye duka angejua, Flemming angejua hata akiwa kwenye bia ya sita. Lakini mtu akishakaa miaka mitano chuoni akifundishwa kwamba picha ni ombi tu, anaweza kupita katikati ya miguu ya watu wa kubandikwa kila Jumanne na bado asiambulie kitu.

Kamati iliipenda picha. Waliipitisha mkono kwa mkono, na mama mmoja wa chama fulani akasema huyo bibi amemkumbusha mama yake. Uamuzi ulisogezwa hadi kikao kinachofuata kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa tayari.

Asubuhi yake benchi lilikuwepo. La kijani, pale pale, likimeremeta kwa jua la mwezi wa sita chini ya mawingu ya Desemba. Rigmor wa sweta ya buluu alikuwa amekaa juu yake, uma mkononi, anacheka. Kivuli chake kilielekea mashariki, vya wenzake vyote vilielekea magharibi, maana Sidsel hakukumbuka kuulizia jua la picha ya kwanza lilitoka upande gani. Mwanamke anayekimbia alimpita akampisha kidogo, kama anavyopishwa mtu mpya kazini.

Flemming ndiye aliyelijaribu kwanza. Alitoka nyuma ya mapipa na chupa yake, akamsabahi bibi, akakaa. Akakuta amekaa kwenye dimbwi, mbao za benchi zimempita kifuani bila kumgusa. Akainuka, akapangusa suruali.

"Benchi la ovyo kabisa," alimwambia Sidsel, ambaye alikuwa anakuja mbio kutoka kituoni. "Nilifikiri Rigmor amepona."

Sidsel alimpigia simu Torkild akiwa amesimama pale pale.

"Limefika, nimeambiwa," alisema Torkild. "Hongera. Kamati imeliondoa kwenye ajenda, hakuna haja tena."

"Torkild, halikaliki."

"Limekaliwa sasa hivi. Nina kamera hapa. Limekaliwa tangu asubuhi."

"Na mtu wa picha. Mtu wa kweli akikaa anaanguka. Nahitaji benchi la mbao. Moja tu."

"Nitaombaje la pili na la kwanza limejaa?"

"Limejaa bibi yangu."

"Na ana raha zake," alisema Torkild. "Umemtazama? Tangu nianze kazi hii sijaona mtu mwenye raha vile kwenye uwanja wa umma."

Sidsel alirudi shuleni akaifuta picha kwenye kompyuta yake. Haikusaidia kitu, picha ilikuwa imeshapewa namba halmashauri, na kitu chenye namba hakifutiki na mwanafunzi. Alifikiria kuchukua msumeno na mbao akajenge benchi mwenyewe. Akaulizia. Aliambiwa atatozwa faini, na benchi litaondolewa kwa kuwa mahali pale tayari pana benchi.

Vibeke naye alikuja uwanjani, jambo ambalo wasimamizi wengi hawafanyi, akasimama naye chini ya kibanda cha baiskeli, kofia ya sufu masikioni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Umemkata vizuri sana," alisema. "Hasa nywele."

"Asante."

"Mbona humbonyezi?"

Sidsel akakigeuza kihesabio kiganjani.

"Yupo, amekaa. Kundi la wazee lilikuwa sifuri, Sidsel. Sasa si sifuri. Umeweka kitu mahali na matumizi yamebadilika, na umepima kabla na baada. Unajua wanafunzi wangapi wanamaliza bila kupata kitu kama hicho? Hiyo ni sura yako ya mwisho."

"Bibi yangu yuko kule juu." Sidsel alinyoosha kidole. Ghorofa ya pili, dirishani, mkono ulikuwa unapunga. Vibeke akapunga naye, kwa sababu alikuwa na adabu.

"Najua," alisema. "Lakini kule ni dirishani."

Mvua ilikuwa inadunda juu ya bati la kibanda. Vibeke alisubiri. Hakuharakisha, hakutisha, alisubiri tu, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Kalenda ya chuo haikuwa na siku nyingi zilizobaki, na tasnifu isiyo na sura ya mwisho haitetewi. Sidsel akauona uso wa bibi yake ukicheka chini na mkono wa bibi yake ukipunga juu. Akabonyeza kulia. Akajisikia kama aliyemsukuma mtu.

Utetezi ulifanyika mwishoni mwa Januari. Mtahini wa nje alitoka Jylland, upande wa magharibi wa nchi, bwana mkimya mwenye miwani myembamba, na alikuwa ameisoma kazi yote, hata viambatisho. Sidsel alionyesha majedwali yake. Kisha, alipofika mwisho, akaweka kihesabio mezani na kusema ambalo halikuwa kwenye karatasi. Alisema uwanja ule umeshindwa. Alisema wanaokaa pale ni wale wasiochoka, na wanaochoka wamefungiwa ndani, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelihesabu kosa hilo kwa mwaka mzima na kuliita matumizi.

Mtahini wa nje akavua miwani.

"Hilo ni jambo la kijasiri kulisema," alisema. "Ila takwimu zako zinasema kinyume, na ni takwimu nzuri. Mimi ningeziamini." Akafunua ukurasa. "Nina swali dogo tu. Kivuli cha huyu mama kwenye benchi. Kwa nini kinaelekea mashariki?"

"Nilikosea," alisema Sidsel.

"Vema. Ni vizuri mtafiti akijua mipaka ya kazi yake."

Wakampa kumi na mbili, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa, haina kubwa yake. Nje ya mlango wenzake walikuwa wamemsubiri na mvinyo wa mapovu na vibendera vya karatasi, wakampigia kelele, wakamkumbatia. Mmoja akamuuliza kwa nini analia, mwingine akajibu kwa niaba yake kwamba ni furaha. Sidsel aliwaacha waamini hivyo. Alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka kooni, na hasira hiyo ilikuwa imepewa kumi na mbili.

Kabla ya giza alipita dukani, akasimama mbele ya mikate. Akaangalia huku na huku, akauminya mmoja. Akauminya wa pili. Hakuweza kutofautisha. Akachukua wa pili.

Rigmor alikuwa dirishani. Alikuwa ameweka kibendera mezani, maana aliambiwa matokeo kwa simu, na vikombe vizuri, vile vya maua.

"Daktari wangu wa viwanja," alisema. "Njoo ukae. Mimi bado nampeleleza yule mwanamke wa benchini."

Sidsel akavuta kiti karibu naye. Chini, theluji ilikuwa inaanguka juu ya mawimbi ya zege, juu ya mapipa na juu ya kofia ya Flemming. Kwenye benchi la kijani haikuwa inaanguka. Rigmor wa sweta ya buluu alikuwa anacheka.

"Sweta ile niliitupa," alisema Rigmor. "Ilikuwa inawasha. Anacheka nini siku zote hizo?"

"Siku ile keki ilimwangukia mjomba Aksel mapajani."

"Bado?"

"Bado, Bibi."

"Ilichekesha, lakini si kiasi hicho." Rigmor akanywa kahawa kidogo. Akatazama tena. "Na amekaa tu? Haondoki? Hata dukani?"

"Haondoki."

"Na mgongo haumuumi? Nyonga?"

"Haumwi kitu. Hawachoki wale. Hata usiku hawachoki."

Rigmor akaweka kikombe chini. Alifikiri jambo hilo vizuri, kama alivyozoea kufikiri kila jambo, pande zote.

"Basi benchi la nini?" alisema.

Rigmor akauvuta mkate kwenye mfuko wa dukani, akauminya kwa vidole viwili, akamtazama mjukuu wake usoni, akasema huu angalau umejaribu kurudi. Akakata vipande viwili, akavipaka siagi, wakala pale pale dirishani bila kuwasha taa.